Kuiga mpasuko wa kauri kwa kompyuta: mbinu nne, na ipi ikufae

Mezani kwangu pana kipande cheupe cha plagi ya pikipiki. Nilikiomba kwa fundi wa bodaboda pale Mwenge. "Dada, hiyo imeshakufa, kauri yake imepasuka," aliniambia, nikamjibu kwamba hiyo iliyokufa ndiyo niitakayo. Sehemu ile nyeupe kwa kiasi kikubwa ni alumina, yaani oksidi ya alumini iliyosagwa, ikashindiliwa kwenye umbo lake na kuchomwa kwa joto kali mpaka punje zikashikana. Ukiutazama uso uliovunjika kwa hadubini ya elektroni, unaona punje za fuwele zimebanana, kila moja imelalia upande wake. Uso huo unakujibu swali ambalo programu haitakujibia: ufa ulipita wapi? Ulizizunguka punje kwa kufuata mipaka yake, au ulizikata katikati?

Nawaandikia wadogo zangu wa uhandisi hapa Dar, wa Mlimani na kwingineko, ambao wakipewa mada ya kauri huja na swali moja: "Dada, nitumie programu gani?" Swali hilo wanaliuliza mapema mno. Mbinu nne zinazotumika sana ni elementi za mshikamano, uga wa fezi, peridainamiki na dainamiki ya molekuli. Zinatofautiana kwanza katika uhuru zinaoupa ufa: upite wapi, na nani anaamua. Ukishajua ufa wa kauri yako hupita wapi, nusu ya uchaguzi imekwisha. Nusu iliyobaki inategemea mashine uliyonayo na idadi ya mara utakazolazimika kurudia hesabu.

Kauri yenyewe kwanza

Alumina haikubali kunyumbuka kirahisi. Moduli yake ya Young, yaani kipimo cha ukaidi huo, ni kama GPa (gigapaskali) 380 hadi 400, karibu mara mbili ya chuma cha pua chenye GPa 200. Lakini ukinzani wake dhidi ya ufa ni MPa√m 3 hadi 5 tu, wakati vyuma vya kujengea huwa na makumi. Tuchukue 4, na tuseme kipande chetu kinavunjika kikipindwa kwa mkazo wa MPa 400. Mwaka 1921 mhandisi Griffith alionesha kwamba kitu cha aina hii huvunjika pale dosari iliyomo inapoweza kuachilia nishati ya kutosha kulipia uso mpya unaofunguka. Ukiweka namba zetu kwenye kanuni iliyozaliwa na hoja hiyo, dosari ya usoni inayotosha kukivunja kipande inatoka na kina cha mikromita 25 hivi. Punje zikiwa na upana wa mikromita 10, hizo ni punje mbili na nusu. Basi huwezi kuihesabu kauri kana kwamba ni uji uliokorogwa ukalainika, kwa sababu kinachoamua uimara wake kina ukubwa wa punje chache.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hulisahau. Fuwele ya alumina haitanuki sawa pande zote: ikipashwa moto, hutanuka kwa takriban asilimia 10 zaidi kufuata mhimili wake mkuu kuliko kukingama nao. Kauri inapopoa kutoka tanurini, ikishuka zaidi ya nyuzi 1,000 za sentigredi, kila punje inataka kusinyaa kwa namna yake huku jirani zake wakiizuia. Hesabu ya haraka inaonesha kwamba mipaka hubaki na mikazo inayopita MPa 100 kabla hujaigusa sampuli. Punje zikiwa kubwa mno, nyufa hufunguka zenyewe. Nishati iliyofungwa ndani ya punje hukua kwa ujazo, ambao ni kipeo cha tatu cha upana, lakini gharama ya kuifungua hukua kwa eneo tu, ambalo ni kipeo cha pili.

Kwa hiyo mbinu yoyote ya kauri hii naipima kwanza kwa swali hili: je, naweza kuanza kwa kuipoza sampuli kabla sijaivuta?

Elementi za mshikamano

Wazo lilitoka kwa Dugdale mwaka 1960 na Barenblatt mwaka 1962: mbele ya ncha ya ufa kuna ukanda mfupi ambamo kingo mbili zinavutana bado, na mvutano huo hupungua kadiri kingo zinavyoachana. Xu na Needleman mwaka 1994, kisha Camacho na Ortiz mwaka 1996, waliliingiza katika mbinu ya elementi finiti, yaani ya kukigawa kitu katika vipande vidogo vinavyohesabika, kwa namna inayotumika mpaka leo. Unachora punje zako, unazigawa katika wavu wa elementi, na kwenye mipaka ya punje unapachika elementi nyembamba zenye sheria ya kuachana.

Uzuri wake kwa kauri ni kwamba mpaka wa punje ni kitu halisi ndani ya modeli. Una uimara wake na nishati yake, na ukishafunguka unaweza kuupa mgusano na msuguano. Msuguano huo si wa kupuuza. Katika alumina yenye punje kubwa, nyuma ya ncha ya ufa hubaki punje zilizong'ang'ania kingo zote mbili, na kuzing'oa kunagharimu nishati. Ndiyo sababu kauri hiyo huzidi kuupinga ufa kadiri unavyorefuka. Kati ya mbinu nne, hii ndiyo inayoionesha hali hiyo kwa uaminifu zaidi. Kuipoza sampuli nako ni rahisi: hatua moja ya joto, kila punje na mwelekeo wake, halafu ndipo unaanza kuvuta.

Udhaifu wake ni kwamba ufa hupita palipo na mlango tu, yaani palipo na elementi hizo, na milango umeiweka wewe. Ukiiweka mipakani peke yake, umeshaamua kwamba hakuna punje itakayokatwa. Wapo wanaoweka elementi hizi kila mahali, hata ndani ya punje, ili ufa uwe huru. Hapo yanakuja matatizo mawili. Kwanza, zikiwepo tangu mwanzo, kila moja inanyumbuka kidogo, na kauri yako inatoka laini kuliko ilivyo. Hili linaepukika ukitumia aina inayopachikwa pale tu mkazo unapofika kikomo, ingawa uandishi wake wa programu ni mgumu zaidi. Pili, ufa hufuata kingo za wavu, kwa hiyo unavyochora wavu ndivyo ufa unavyokwenda.

Kuhusu gharama, tuhesabu. Tuseme mpaka una nishati ya mpasuko ya J 10 kwa mita ya mraba na uimara wa GPa 1. Urefu wa ule ukanda wa mshikamano ni moduli mara nishati, ukigawanya kwa kipeo cha pili cha uimara: kama mikromita 4. Ukanda huo unahitaji elementi kadhaa ndani yake, basi chukua elementi za nusu mikromita. Mraba wa mikromita 100 wenye punje kama 100 unahitaji elementi 40,000. Kompyuta mpakato yenye GB 16 za memori inazibeba vizuri. Fanya mchemraba wa upande huohuo, zinakuwa milioni 8, na hapo mpakato wako umeishia njiani.

Uga wa fezi

Francfort na Marigo mwaka 1998 waliirudia hoja ya Griffith wakaiandika kama tatizo la kutafuta nishati ndogo kabisa: ufa utapita pale ambapo jumla ya nishati ya kunyumbuka na nishati ya nyuso mpya inakuwa ndogo. Mwaka 2000 wao wawili pamoja na Bourdin wakaifanya ihesabike. Badala ya kingo mbili kali, kila nukta ya kauri inapewa namba: 0 ni nzima, 1 imevunjika, na ufa ni ukanda wa mpito wenye upana unaotawaliwa na urefu mmoja, tuuite ℓ. Huhitaji kuweka milango. Ufa unajichagulia njia, unagawanyika na kuungana, na wewe hufuatilii ncha yake.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa la ℓ nimeliona likirudiwa mara nyingi kuliko kosa lolote jingine. Katika modeli hizi, ℓ huamua pia uimara wa sehemu isiyo na dosari: mkazo wa juu unakua kadiri ℓ inavyopungua. Mwanafunzi anasoma kwamba achague ℓ ili modeli itoe uimara aliopima maabara. Anachukua MPa 400, moduli GPa 400, nishati J 40 kwa mita ya mraba, na kanuni ya mojawapo ya aina zinazotumika sana inamrudishia ℓ ya mikromita 37. Sasa punje zake zina mikromita 10! Ukanda wa ufa unazimeza punje tatu kwa mkupuo, na modeli yote ya punje imepotea bure.

Kosa halimo kwenye kanuni. Zile MPa 400 ni uimara wa kipande chenye dosari, na dosari hizo ndizo zile mikromita 25 za Griffith. Ukiamua kuchora punje, zichore na dosari pia: vitundu, mkwaruzo wa usoni, mpaka ulioachia. Kisha chukua ℓ iliyo ndogo kuliko punje, kwa mfano mikromita 1. Kwa nishati ya J 20 kwa mita ya mraba, uimara wa sehemu nzima unakuwa kama GPa 1.7, na hilo halikudhuru chochote kwa sababu mvunjiko utaanzia kwenye dosari uliyoichora.

Mpaka wa punje ndipo mbinu hii inapojikwaa. Mpaka hauna unene wa kuonekana, lakini hapa huna budi kuupa ukanda. Ukanda ukiwa mwembamba kuliko ℓ, nishati ya punje za pembeni inachanganyika na ya mpaka, na mpaka unaonekana imara kuliko ulivyoandika. Inabidi urekebishe namba na kuijaribu kwa sampuli ya mpaka mmoja kabla ya kuamini punje mia. Msuguano baina ya kingo nao ni mgumu kuuweka. Halafu usisahau kuitenganisha nishati ya kuvutwa na ya kugandamizwa, la sivyo kauri yako itapasuka ikibanwa kwa namna ambayo haitokei kamwe.

Gharama ni kubwa kuliko ya elementi za mshikamano. Wavu unapaswa kuwa mwembamba kila mahali ufa unapoweza kufika, na kila hatua ya mzigo hutatuliwa kwa zamu: kwanza kunyumbuka, kisha uga, kisha tena na tena mpaka vitulie. Ufa ukianza kukimbia, hatua moja inaweza kudai mizunguko mamia. Kwa pande mbili, yaani mchoro bapa, bado mpakato unatosha. Kuhusu kupoza, uga wa fezi unafaulu sawa na mbinu ya kwanza.

Peridainamiki

Silling, wa maabara ya Sandia nchini Marekani, aliichapisha mwaka 2000. Hakuna wavu wa elementi. Kuna nukta, na kila nukta imefungwa kwa nyuzi na majirani walio ndani ya umbali fulani. Uzi ukivutwa kupita kiasi unakatika, na nyuzi nyingi zikikatika mahali pamoja, huo ni ufa. Kwa pigo la ghafla, risasi, au kigae kilichodondoka kikatawanyika vipande, sioni mbinu inayofanya kazi hiyo vizuri zaidi. Nyufa hugawanyika zenyewe, na vipande huruka bila kuiangusha hesabu.

Aina yake rahisi inalazimisha uwiano wa Poisson, yaani kiasi ambacho kitu husinyaa ubavuni kikivutwa, kuwa robo moja katika pande tatu. Kwa mpira hilo lingekuwa kosa baya. Kwa alumina, ambayo uwiano wake ni kama 0.22, unaweza kuishi nalo.

Kikwazo ni muda. Umbali wa ujirani ukiwa mara tatu ya nafasi kati ya nukta, kila nukta katika pande tatu ina majirani 122. Sauti hupita katika alumina kwa takriban kilomita 11 kwa sekunde, kwa hiyo nukta zikipishana kwa nusu mikromita, kila hatua ya hesabu haiwezi kuzidi pikosekunde 45 hivi. Jaribio la kupinda linalochukua sekunde moja tu maabara lingedai hatua zaidi ya bilioni 20. Zipo njia za kuihesabu hali tulivu, lakini ukifika huko, umepoteza sababu ya kuichagua. Ikiwa mzigo wako ni wa polepole, iache.

Atomu moja moja

Dainamiki ya molekuli haina haja ya kuambiwa ufa ni nini. Inazipa atomu nguvu za kuvutana na kusukumana, na zikiachana, zimeachana. Inavutia sana, na kila mwaka yupo mwanafunzi anayetaka kuiga plagi nzima kwa atomu. Alumina ina atomu kama 117 katika kila nanomita ya ujazo. Mchemraba wa nanomita 20 ni atomu karibu 940,000, na huo unawezekana. Punje moja tu ya mikromita 10 ni zaidi ya atomu trilioni 100. Tena kila hatua ni kama femtosekunde moja, hivyo hatua milioni moja zinakupa nanosekunde moja, na unalazimika kuivuta sampuli kwa kasi ambayo hakuna mashine ya maabara ya kawaida inayoifikia.

Itumie kwa kazi yake: kutafuta nishati na uimara wa mpaka mmoja kati ya fuwele mbili, kisha uzipeleke namba hizo kwenye elementi za mshikamano. Hata hapo kuwa mwangalifu, kwa maana mipaka ya kauri za viwandani mara nyingi hubeba utando wa kioo chenye silika, na mpaka safi wa kompyuta huwa na nguvu kuliko huo.

Wapo watakaouliza kuhusu modeli za mteleko ndani ya fuwele, kama zinazohesabiwa na programu ya DAMASK. Kwa alumina kwenye joto la kawaida, punje hazitelezi kiasi cha kukusaidia. Zifikirie ukiwa na kauri ya tanuri au ya kuzuia risasi.

Ukiwa hapa Dar na mpakato mmoja

Sheria yangu ni hii: uso wa mvunjiko ukionesha punje nzima nzima, kama changarawe, anza na elementi za mshikamano za pande mbili, na milango iwe mipakani tu. Kipande changu cha plagi kingekuwa hivyo, ningekuwa na majibu ya kwanza ndani ya wiki. Uso ukionesha punje zilizokatwa zikabaki na nyuso bapa, au mchanganyiko, nenda kwenye uga wa fezi. Mzigo ukiwa wa kugonga, peridainamiki. Huna namba za mpaka kabisa, tumia siku chache kwenye atomu, halafu rudi.

Jambo linaloniegemeza kwenye mbinu ya kwanza pale inaporuhusiwa ni urudiaji. Uimara wa kauri hautoki namba moja. Sampuli mbili za tanuri moja hutofautiana, na ndiyo maana tunatumia mgawanyo wa takwimu aliouandikia Weibull mwaka 1939. Ili kuukadiria kwa adabu unataka mipangilio kama 30 ya punje. Hesabu moja ikichukua saa moja, umemaliza kwa siku mbili hata umeme ukikatika katikati. Ikichukua siku mbili, unahitaji miezi miwili, na programu yako iwe inahifadhi hali yake kila baada ya hatua chache, maana kukatika kwa umeme kutakukuta tu. Mimi kulinigharimu hesabu ya siku tatu ambayo sikuwa nimeipangia kuhifadhi.

Fedha isikuzuie. Neper inachora punje, Gmsh inatengeneza wavu, MOOSE ya maabara ya Idaho inabeba mshikamano na uga wa fezi, LAMMPS inabeba atomu na hata peridainamiki. Zote ni za bure; utalipia bando la kuzipakua na uvumilivu wa kujifunza Linux. Abaqus ina elementi za mshikamano zilizo tayari na ni rahisi kuanzia, lakini usiijenge tasnifu juu ya leseni ambayo huna uhakika nayo mwakani.

Ila kumbuka kwamba pande mbili zinadanganya kidogo. Punje inayong'ang'ania kingo zote mbili katika mchoro bapa inaukata ufa vipande viwili, wakati katika kauri halisi ufa hupita nyuma yake. Kwa hiyo linganisha mipangilio yako kati yake yenyewe, na usiipeleke namba ya pande mbili kwa mtu wa kiwandani kana kwamba ni uimara wa kigae chake. Na kabla ya punje yoyote, vuta bamba moja lenye ufa mmoja uone kama modeli inarudisha jibu la Griffith. Isiporudisha, simama hapo.

Kaolini, ule udongo mweupe wa Pugu, nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu wengi wenu mtapewa mada hiyo na si alumina. Kauri nyeupe inayotengenezwa kwa kaolini na madini ya feldispa na kwatzi, kama ile ya vikombe vya nguzo za umeme, ikishachomwa haibaki na punje zilizobanana kama za alumina. Inakuwa kioo kilichobeba sindano za fuwele za mulaiti na punje za kwatzi zilizobaki. Kauri inapopoa na kufika nyuzi 573, kwatzi hubadili muundo wake wa fuwele na kusinyaa ghafla, ikiacha nyufa ndogo zinazoizunguka punje au kuingia kwenye kioo. Njia ya ufa hapo huwezi kuijua kabla, na mipaka ya kuwekea milango ni michache. Kwa kazi hiyo ningekwenda moja kwa moja kwenye uga wa fezi. Ningeanza na punje moja tu ya kwatzi ndani ya mraba wa kioo, niipoze kupita 573, na nitazame ufa wa kwanza unafungukia upande gani.